Korongo Lile Nililichimba Mimi

Lameki mwanangu,

Mama yako yuko chumbani anakunja nguo zako, na wewe hujarudi kutoka Mpemba ulikokwenda kumuaga mjomba wako. Mimi nimekaa barazani na daftari lako la zamani la shule, lile lenye kurasa ulizobakiza. Tangu saa nane mchana wingu limesimama juu ya kilima cha Shilanga, na nimeshakwenda mara mbili kuchungulia korongo. Kutoka ukuta wa jiko mpaka ukingoni sasa ni hatua kumi na tisa. Msimu uliopita zilikuwa ishirini na sita. Umenicheka mara nyingi kwa kuhesabu hatua hizo. Leo nataka ujue kwa nini ninahesabu.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala za kuchemsha maji, wala za kutafuta kanisa. Mama yako ameshayasema hayo mara tatu, na atayasema tena asubuhi. Mimi nina jambo moja tu, na nimeliogopa kwa miaka zaidi ya ishirini. Ulipopata kazi ya kuendesha trekta la kuburuza magogo kwenye mashamba ya miti huko Iringa, ulikuja mbio ukaniambia, "Baba, nimefuata nyayo zako!" Nilikukumbatia. Nilikukumbatia upesi ili usiuone uso wangu.

Wewe unaamini korongo lile liliumbwa na Mungu pamoja na kilima. Vijana wote wa rika lako wanaamini hivyo, kwa kuwa mlipopata akili mlilikuta. Si kweli, mwanangu. Korongo lile lina mtu aliyelichimba, na mtu huyo ni mimi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, watu walipoanza kuruhusiwa kuuza na kununua kila kitu. Maduka yaliyokuwa na viberiti na chumvi peke yake yakajaa sabuni na mitumba. Tunduma ikaanza kujaa watu. Wazambia walivuka kutafuta mbao, na wafanyabiashara wetu kutoka mikoa mingine wakajenga mabanda ya mbao karibu na mpaka. Mimi nilikuwa nimejifunza trekta kwenye shamba la serikali, na shamba lile lilipokufa nikabaki na ujuzi usio na kazi. Ndipo tajiri mmoja wa Tunduma akapata kibali cha kukata msitu wa Shilanga, akanitafuta. Wewe ulikuwa bado unanyonya.

Shilanga hukuiona ilivyokuwa. Ilikuwa na mininga minene, na misuku ambayo matunda yake sasa tunayanunua barabarani, na chini kabisa, pale penye chemchemi, ulisimama mkuyu ambao watu watatu walioshikana mikono hawakuuzunguka. Alfajiri ukungu ulikuwa unashuka kutoka msituni na kulala juu ya kahawa ya bibi yako mpaka saa nne. Hata miezi ya kiangazi majani ya kahawa yalikuwa yanachuruzika maji. Sisi tulidhani ni hali ya Ihanda tu, kwamba Ihanda ni ya baridi na itaendelea kuwa ya baridi.

Kabla hatujaanza, bwana miti, msimamizi wa misitu wa serikali, alikuja kutuonyesha kazi. Alikuwa mtu mpole, koti lake limepauka mabegani. Alikata kijiti, akakichoma kwenye udongo chini ya miti. Kiliingia mpaka vidole vyake vikagusa ardhi. Halafu akanipeleka mahali ambapo trekta lilikuwa limepita mara mbili tatu, akanipa kile kijiti.

"Choma na wewe."

Nikakisukuma kwa nguvu zote. Kikavunjika.

"Umeona?" akasema. "Udongo ule wa kule unakunywa maji. Huu umeushindilia, hauwezi kunywa. Mvua ikinyesha hapa, maji yatatafuta pa kukimbilia. Kwa hiyo buruza magogo kwa kuzunguka mteremko, usishuke nayo moja kwa moja. Tandaza matawi kwenye njia yako. Ikinyesha, zima trekta. Na kule kwenye chemchemi usiguse mti hata mmoja."

Nikamwitikia, ndiyo, ndiyo, nimeelewa. Na kweli nilikuwa nimeelewa. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Ningekuwa sijaelewa, ningekuwa nalala.

Wiki za kwanza nilifanya kama alivyosema. Kwa kuzunguka, nilimaliza safari nne kwa siku. Kisha Novemba ikaingia, na tajiri akaja na gari lake, akasimama barabarani akitazama mawingu.

"Baba Lameki, mvua zikichanganya malori hayatapanda huku. Wewe ndiye dereva wangu bora. Ungekuwa unashuka moja kwa moja ungefanya safari ngapi?"

"Nane," nikasema. "Labda tisa."

"Mimi sikufundishi kazi yako," akasema, akapanda gari akaondoka.

Hakuniamuru, Lameki. Ukisikia watu wanasema matajiri ndio waliomaliza misitu, kumbuka kwamba yule hakuniamuru. Alinisifu tu, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini na saba niliyependa mno kusifiwa. Kesho yake nilishuka moja kwa moja, kutoka kilele mpaka barabarani. Nilifanya safari tisa. Vijana wa kupakia wakanipigia makofi.

Njia hiyo mpya ilipita kwenye chemchemi, na mkuyu ule ukawa umetuziba. Mbao za mkuyu hazina maana, hakuna aliyezitaka. Tulitaka tu nafasi ya kupita. Hapo ndipo alipotokea Bibi Namwinga.

Wewe humjui. Alikuwa mjane, na nyumba yake ilikuwa ya kwanza chini ya chemchemi. Yeye ndiye aliyekuwa akizoa majani yaliyoanguka majini na kuwafukuza watoto waliotaka kuogea pale. Alisimama mbele ya trekta akiwa na ndoo mkononi.

"Baba Lameki, pita pengine. Mkikata mkuyu huu, maji yataondoka."

"Mama, maji yako chini ya ardhi na mti uko juu. Vinahusiana nini?"

Vijana wakacheka. Mwenye msumeno wa injini hakucheka, alinitazama akingoja. Nikampungia mkono akate.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha wiki ileile. Nilikuwa barabarani, niliyaona maji kwa macho yangu. Hayakuzama popote. Yalitoka juu yakaifuata njia yangu kama vile nimeyachorea, na yalikuwa mekundu, mazito, yanavuma. Mvua ilipokatika nilipanda kuangalia. Njia ilikuwa imechimbika mpaka kimo cha goti. Ilipofika Pasaka mtu mzima aliweza kusimama ndani yake asionekane.

Na sisi tulikuwa tumeshachoma matawi yote kilimani ili tajiri apande mikaratusi. Ule udongo mweusi wa juu ulikwenda na majivu yake kwa siku chache tu. Uliobaki ni huu unaoujua, mwekundu na mgumu, ambao jembe linagonga na kurudi. Mikaratusi ikaota, ikarefuka, ikanywa kilichokuwa kimebaki. Mwaka wa pili chemchemi ikawa tope. Mwaka wa tatu tukaanza kuchota maji kule bondeni ulikokwenda kuchota wewe utoto wako wote.

Ukungu siwezi kukuambia uliacha kuja lini. Ungekuwa umeacha siku moja, tungeshtuka. Ulipungua tu, asubuhi moja ukaja mwembamba, nyingine usije, mpaka mama yangu akasimama kwenye kahawa yake saa moja asubuhi jua likimchoma kichwani, akasema, "Hii Ihanda imekuwa Kamsamba, kule chini kwenye joto." Kahawa ikatoa maua kabla ya wakati, maua yakakauka. Mvua zilizokuwa zikija taratibu zikawa zinachelewa, halafu zinashuka kwa hasira. Mimi si msomi, siwezi kukuapia kwamba kilima kimoja kinaweza kugeuza hali ya hewa. Lakini sisi hatukuwa peke yetu. Miaka ile kila kilima nilichokiona kutoka Vwawa mpaka Tunduma kilikuwa na trekta kama langu.

Sasa nafika pale ninapoogopa kuandika.

Watu walipochoka kuchota maji mbali, waliitisha mkutano wa kitongoji. Nilidhani watazungumzia msitu. Nilikaa nyuma, nikingoja jina langu litajwe. Mtu mmoja akasimama, akauliza, "Nani alisema maji yataondoka?"

Halafu mwingine akasema, "Namwinga. Aliwaambia wakata miti waziwazi kwamba maji yataondoka. Alijuaje?"

Kelele zikaanza. Wakasema ameyafunga maji kwa uchawi. Wakasema ndiyo maana alikuwa akifukuza watoto pale. Bibi Namwinga akasimama katikati ya kelele. Alinigeukia mimi.

"Baba Lameki, wewe ulikuwepo. Waeleze nilivyosema."

Wote wakanitazama. Mwanangu, nilikuwa na maneno yote mdomoni. Kijiti kilichovunjika, safari tisa, mkuyu. Ningeyasema kwa dakika mbili. Badala yake nikasema, "Ni kweli. Nilimsikia akisema maji yataondoka."

Nikakaa.

Sikusema uongo hata neno moja. Nimejitetea kwa hilo miaka na miaka, na halijanisaidia chochote. Jioni hiyo mawe yalianza kuanguka juu ya bati lake. Baada ya siku mbili aliondoka kwa lori lililokuwa likifuata mpunga Kamsamba, ambako binti yake ameolewa. Alikuwa na godoro, masufuria, na ile ndoo.

Wewe ulipokuwa na miaka sita, mbuzi wetu alishuka korongoni nawe ukamfuata. Unapenda kuisimulia siku ile. Unasema tope lilikufika kifuani, na baba alikuja akakuvuta kama anang'oa muhogo, na kila mtu anacheka. Mimi sijawahi kucheka, sijui kama umeliona hilo. Nilikusikia unaita kabla sijakuona. Ukuta wa korongo ulikuwa umekatika juu yako na ulikuwa bado unamomonyoka, vipande vinaanguka kimoja kimoja, nami nililala kifudifudi nakuchimbua kwa mikono, nikijua vizuri ni nani aliyeutengeneza ule ukuta. Ulikuwa umebakiza kichwa na mabega. Nilipokutoa ulikuwa unaulizia mbuzi.

Baada ya siku ile niliacha trekta kabisa. Ulipoambiwa kwamba baba aliacha kwa sababu ya mgongo, mimi ndiye niliyemwomba mama yako aseme hivyo.

Nilikwenda Tunduma kumuaga Bwana Salimu, mnunuzi wa mbao tuliyekuwa tukimpelekea magogo. Ni mtu wa Kondoa, mtu wa swala tano, na nilimheshimu. Nilipomsimulia habari ya korongo na mtoto, alizungusha kikombe cha kahawa mkononi.

"Kwetu Kondoa makorongo yalikula mashamba mpaka serikali ikaondoa ng'ombe wote," akasema. "Nilikua nikiyaona, halafu nikaja huku kununua mbao bila kuuliza zinashushwa vipi. Sasa nikuulize, udongo uliotoka kwenye korongo lako uko wapi?"

"Umekwenda na maji."

"Kwenda wapi? Haukwenda mbinguni. Uko kwa mtu."

Neno hilo halikuniacha. Baada ya mavuno nilipanda lori nikashuka Kamsamba, kule maji ya kilima chetu yanakoteremkia. Nilimkuta Bibi Namwinga shambani na binti yake, kwenye joto lile la chini ambalo halikupi pumzi. Walikuwa wanachimba mchanga kutoka kwenye majaruba. Mto ulikuwa umefurika mwezi wa tatu, ukaacha mchanga na tope jekundu juu ya mpunga, kimo cha kiganja. Alinitambua kwa mbali. Hakuacha kuchimba.

"Umekuja kuangalia udongo wako?" akaniuliza.

Nikapiga magoti palepale kwenye tope. Nikamwambia yote, nikamwomba anisamehe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaegemea jembe.

"Nimekusikia, Baba Lameki. Sina kinyongo cha kukupiga nacho. Lakini wewe kunisimulia hapa, mimi na wewe na binti yangu, kutanisaidia nini? Ulinisema mbele ya watu. Nenda ukaniseme tena mbele ya walewale."

Nikamwahidi. Nikarudi nyumbani, na sikusema. Mwaka ukapita, mwingine ukapita. Niliogopa wangechoma nyumba yetu. Niliogopa wenzako shuleni wangekuita mtoto wa mharibifu. Badala ya kusema, nilifanya kazi. Yale matete na majani ya kuzuia udongo unayoyaona ukingoni, yale magunia ya mchanga, yale mawe niliyokuamuru kubeba kila Jumamosi ukinung'unika, hayo yote yalikuwa ni mimi najaribu kulipa bila kufungua mdomo. Yamepunguza kasi ya korongo. Hayajalisimamisha.

Basi unaona kwa nini habari ya kazi yako ilinitetemesha. Naogopa trekta kukupindukia mteremkoni, kila mzazi angeogopa hilo. Lakini naogopa zaidi siku ambayo utafanya vizuri sana, na mtu mwenye gari safi atakuja kukuambia kwamba wewe ndiye dereva wake bora. Siku hiyo shuka kwenye trekta. Nenda kwenye njia yako, tafuta kijiti, uchome udongo wewe mwenyewe kwa mkono wako. Kikikataa kuingia, umeshajua tayari, na kuanzia hapo huwezi tena kusema hukujua. Wakikufukuza kazi kwa sababu umezima injini mvua ikinyesha, njoo nyumbani. Sitakuuliza swali lolote. Na kama pale ulipo kuna mwanamke mwenye ndoo anakuambia usipite, muulize ameona nini. Ameishi pale, na wewe umefika juzi.

Sijui kama utanisikia. Mimi nilionywa na watu wawili, na wote walisema wazi.

Limebaki jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kungoja nizeeke. Jumatatu mjukuu wa Bibi Namwinga alimpigia simu mwenyekiti wa kitongoji. Bibi ni mgonjwa, miguu imevimba, na anataka kurudi kwenye kiwanja chake hapa Ihanda. Hataki kufia kwenye joto. Wazee kadhaa wamesema haingii. Wamesema waziwazi kwamba hawawezi kulala kitongoji kimoja na mtu aliyefunga maji. Walioyasema hayo ni marafiki zangu, na wawili kati yao walikuwa wanapakia magogo yangu.

Mkutano wa kuamua hilo ni kesho saa mbili asubuhi, kwenye ofisi ya kijiji pale barabarani. Mama yako atakupeleka Tunduma alfajiri ili upate kiti kwenye basi, na mimi sitakuja kukuaga stendi. Usidhani ni hasira. Nikiwasindikiza, nitafika Tunduma, nitaona watu wengi na malori, na nitapata sababu ya kuchelewa kurudi. Najijua.

Sijamwambia mama yako nitakachosema, ila nadhani anajua. Mchana huu alinitazama nikiandika, akaondoa mkeka wake barazani ili nipate nafasi. Barua hii nitakupa mkononi ukirudi kutoka Mpemba. Nataka uipate kwangu, si kwa mtu atakayekupigia simu kesho mchana akuulize kama ulijua baba yako alifanya nini. Ukisikia wameniitikia vibaya, usirudi kunitetea. Ukisikia wameninyamazia, hilo naliogopa zaidi, lakini napo usirudi.

Nilitaka kukuandikia kama baba asiye na hofu, nikashindwa.

Basi lenu litapita mbele ya ofisi ya kijiji kwenye saa mbili na nusu. Kaa dirishani. Utaona watu wamekaa kwenye majani, na mmoja amesimama. Kama aliyesimama siye mimi, basi sijaweza tena, na wewe usiwe kama mimi. Kama ni mimi, usimwombe dereva asimamishe. Niache niendelee kusema.

Baba yako